Mita ya kubana na umeme wa betri

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa sola hapa Tukuyu. Mita yangu ya kubana waya husoma ampea za umeme wa gridi bila shida, lakini nikiibana kwenye waya unaotoka kwenye betri ya volti 12 kwenda kwenye friji, inaonyesha sifuri ilhali friji inanguruma. Je, ipo sensa ndogo inayoweza kukaa ndani ya kifaa chenyewe na kupima umeme huo?

JIBU: Ndugu Fundi, mita yako si mbovu. Ndani ya taya zake mna koili inayofanya kazi kama transfoma, nayo huzalisha umeme pale tu uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayouzunguka waya wenye umeme, unapobadilika. Umeme wa gridi hufanya mizunguko 50 kila sekunde, ilhali wa betri huenda upande mmoja na uga wake hutulia, hivyo koili haipati cha kupima.

Sensa unayoiulizia ipo. Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall aligundua kwamba umeme unaopita katika utando mwembamba wa dhahabu uliowekwa kwenye uga wa sumaku husukumwa pembeni, na volti ndogo ikajitokeza kati ya kingo zake, hata kama uga umetulia. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na chipu yenye urefu wa milimita 5 hivi. Aina moja iliyoenea hutoa volti 2.5 pasipo na umeme, kisha hupanda au kushuka kufuatana na mwelekeo, kwa hiyo utajua kama betri inachajiwa au inatumika.

Ugumu wa watengenezaji uko kwingine. Waya wenye ampea 1 huwa na uga wa mikrotesla 20 (mikrotesla ni kipimo cha uga wa sumaku) kwa umbali wa sentimita 1, na uga wa dunia yenyewe katika maeneo yetu ni takriban mikrotesla 30. Taa ndogo ya nusu ampea, basi, humezwa kabisa. Dawa yake ni kuweka sensa mbili, moja kila upande wa waya: uga wa dunia huzipitia kwa mwelekeo uleule, wa waya kwa mielekeo inayopingana, na ukitoa somo moja katika jingine dunia hujifuta, waya ukabaki maradufu. Joto nalo huhamisha sifuri ya sensa, na asubuhi ya Makete si mchana wa Kyela, kwa hiyo rekebisha sifuri hiyo pasipo na umeme kwenye waya.

Ukitaka mita mpya, hakikisha alama ya DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) ipo kwenye ampea, kwani nyingi huwa nayo kwenye volti tu, na ubane waya mmoja, si yote miwili. Kwa friji usichukue sensa ya ampea 5. Chukua ya 20 au zaidi, maana mota ya kompresa huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi inapoanza.