Kwa dada aliyeuliza: baba yako yuko ICU na fomu ya kusaini iko mbele yako

Pole sana dada. Umesema mzee kapata kiharusi cha damu kuvuja kichwani, yuko kwenye mashine ya kupumulia, madaktari wanataka jibu kama atobolewe koo ili mpira wa kupumulia upite hapo, kaka yako wa Mwanza kila akipiga simu ni lawama, na anayetakiwa kusaini ni wewe. Mama yetu alilazwa ICU Dar es Salaam mwaka 2019 kwa tatizo hilo hilo, kwa hiyo benchi unalokalia nalijua.

Kutoboa koo si dalili kwamba wamemkatia tamaa, wala si ahadi kwamba atapona. Mpira unaopita mdomoni ukikaa sana unaumiza koo, na mgonjwa huhitaji dawa za usingizi ili auvumilie. Ndiyo maana wiki moja au mbili zikipita bila mgonjwa kuweza kupumua mwenyewe, madaktari huanza kuzungumzia tundu la kooni. Linarahisisha kufyonza makohozi, ila ubongo haliutibu. Swali zito ni mzee ataamka akiwa na hali gani, na hilo lazima mjibiwe kwanza. Muulize daktari: mambo yakienda vizuri kabisa, baada ya miezi sita atakuwaje? Yakienda vibaya je? Wewe unaona lipi litatokea? Akikutajia namba ya fahamu, ile ya 3 (hana fahamu kabisa) mpaka 15 (yuko macho kabisa), uliza kama dawa za usingizi zilikuwa zimepunguzwa walipompima, maana zenyewe huishusha.

Sisi tulibishana sana pale koridoni, kila mtu akisema anavyotaka yeye. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, mama mtu mzima, akatuuliza: "Mama yenu alipokuwa mzima, akimwona mtu aliyelala kitandani miaka, alikuwa anasemaje?" Dada yangu akakumbuka papo hapo. Shangazi alipopooza, mama alikuwa akitoka kumwogesha anasema, "Mimi mkinihudumia hivi na bado nawatambua, sina neno." Basi. Kuanzia hapo hatukuuliza tena tunataka nini. Tulimuuliza daktari kama mama atatutambua. Akasema ni mapema kujua. Tukakubali atobolewe, tukapanga siku ya kukaa tena.

Siku hiyo ilipofika figo zilikuwa zimegoma, na kwa maelezo ya daktari tumaini la kututambua lilikuwa limekwisha. Tulipoulizwa kuhusu kusafisha damu kwa mashine tukakataa wote. Kaka alihofu kwamba huko ni kuua, mpaka padri alipokuja kumpaka mama mafuta na kutusomea Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278: kuacha matibabu mazito yasiyolingana na matokeo yanayotarajiwa kunaweza kuwa halali, kwa kuwa hukusudii kifo, unakubali tu kwamba huwezi kukizuia. Mama alifariki dada akiwa amemshika mkono. Hadi leo hakuna aliyemwambia mwenzake "wewe ndiye uliyemmaliza mama", na mimi hilo nalihesabu kuwa neema kubwa.

Kwa hiyo omba kikao cha ndugu na daktari, na kisifanyike mlangoni. Ufaransa walifanya utafiti katika ICU 22, ukachapishwa mwaka 2007. Vikao vilivyoandaliwa vizuri vilichukua kama dakika 30, na ndugu waliongea wenyewe dakika 14 badala ya 5 za vikao vya kawaida. Miezi mitatu baadaye ndugu hao walikuwa na msongo na huzuni kidogo kuliko wenzao wa vikao vya kawaida. Kuongea kwenu kuhusu mzee alivyokuwa ni sehemu ya tiba yenu, msione mnampotezea daktari muda.

Kaka yako mpigie wakati wa kikao, simu iwekwe sauti kubwa, amsikie daktari mwenyewe na aulize. Aliye mbali hajaiona ile mashine, hofu yake yote inatoka kama lawama. Pesa nazo zitajeni waziwazi; mwite mtu wa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla bili haijawagombanisha.

Ukiingia kumwona, jitaje jina, mguse. Mikono ya mama ilivimba hadi pete ikambana. Yule muuguzi aliizungushia kidole uzi taratibu ikatoka, akanikabidhi ndani ya glovu iliyofungwa fundo. Mwombe muuguzi akuonyeshe kumlowesha midomo na kumpaka mafuta mikononi. Na zamu za benchi mgawane, wewe ulale.

Fomu isubiri kikao. Muulize daktari mna muda gani. Kutoboa koo kwa kawaida si jambo la dakika hiyo hiyo. Siku ya kusaini, kaka akiwa bado kwenye simu, sema wote wasikie: tunasaini hivi kwa sababu baba mwenyewe angetaka hivi. Utujulishe mzee anaendeleaje.