Jahazi la mfano: panga kamba kabla ya kuziba sitaha

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba unataka kujenga chombo cha tanga cha mbao chenye urefu wa kama mkono mmoja, na kwamba vifurushi vya meli za Ulaya (masanduku ya vipande vya kuunganisha mwenyewe) vinavyouzwa nje, ukijumlisha na gharama ya kuvisafirisha, vimekuvunja moyo. Umeuliza kama jahazi linaweza kujengwa kwa vitu vinavyopatikana hapa Dar es Salaam, na kwa nini majahazi mengi ya mapambo yanaonekana kama hayana uhai hata pale mbao zake zilipochongwa kwa ustadi. Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo, bila wasiwasi wowote. La pili ndilo lililonifanya niandike kwa kirefu, kwa kuwa ni jambo ambalo nimelishughulikia kwa miaka mingi na ninalijali sana.

Tatizo la majahazi hayo liko kwenye kamba. Aliyeyatengeneza humaliza chombo chote kwanza, akaugandisha mlingoti kwa gundi, akaipigilia foromali (mti wa kutundikia tanga) kwa msumari mdogo, kisha akatembeza nyuzi huku na huku ili zionekane kama kamba. Hakuna uzi hata mmoja unaobeba mzigo. Hata mtu asiyewahi kupanda chombo huhisi kwamba pana kasoro, ingawa hawezi kusema ni ipi. Ushauri wangu mkubwa kwako, na mengine yote yanaufuata huo, ni kwamba kila kamba ya jahazi lako ifanye kazi yake ya kweli, na kwamba njia ya kila kamba uijue kabla hujaweka ubao wa kwanza wa sitaha, yaani sakafu ya juu ya chombo.

Nakutahadharisha pia usichukue maelekezo ya vifurushi vya Ulaya ukayahamishia kwenye jahazi. Chukua mfano wa Cutty Sark, meli iliyoshushwa majini mwaka 1869 huko Dumbarton, Uskoti, ambayo sasa inahifadhiwa Greenwich, London. Ina milingoti mitatu, na kamba zake zote zikiunganishwa hufikia takriban kilomita 18. Lakini katika meli ya namna hiyo kamba zinazoishikilia milingoti hufungwa mahali pamoja na kubaki hapo, kwa hiyo mjenzi wa mfano akizigandisha kwa gundi hapotezi jambo kubwa. Jahazi lina kamba chache mno ukililinganisha na meli hiyo, ila karibu zote hutembea, hata zile zinazoushikilia mlingoti. Vitabu vya vifurushi vitakusaidia sana katika kupanga mbao za ubavu; katika kamba vitakupotosha.

Tuanze basi na mlingoti. Mlingoti wa jahazi huinamia kidogo upande wa omo, yaani mbele ya chombo, na foromali inayoning'inia mbele yake, pamoja na tanga lililojaa upepo, huuvuta zaidi kuelekea hukohuko. Kinachouzuia usiende mbele ni jarari. Kamba hiyo hutoka kwenye foromali, hupita kwenye kapi (gurudumu la kupitishia kamba) lililo kichwani mwa mlingoti, kisha hushuka upande wa nyuma hadi kwenye makapi makubwa yaliyofungwa chini, ambako mabaharia huivuta kwa pamoja. Maana yake ni kwamba kamba inayopandisha tanga ndiyo hiyohiyo inayoushikilia mlingoti kwa nyuma. Ukiufahamu mpango huu, utaona mara moja kwa nini mlingoti uliogandishwa kwa gundi, wenye jarari legevu ya mapambo, hauwezi kumdanganya mtu wa pwani.

Kamba za ubavuni nazo hazifungwi moja kwa moja kwenye ubao. Kila moja huishia kwenye makapi madogo ili ikazwe au ilegezwe, kwa sababu chombo kinapobadili upande wa upepo, foromali husimamishwa karibu wima, ikazungushwa mbele ya mlingoti na kuletwa upande wa pili, na kamba za upande huo lazima ziipishe. Zinazokazwa ni za joshini, upande upepo unakotoka. Za upande mwingine hubaki zimelegea. Kwa hiyo, kabla hujafunga chochote, amua upepo wa jahazi lako unatoka wapi. Ukishaamua, foromali na tanga vikae upande usio wa upepo, kamba za joshini zinyooke, na zile za upande wa pili zining'inie kidogo. Ukizikaza pande zote mbili kwa usawa, utakuwa umejenga chombo kisichoweza kugeuka.

Foromali yenyewe si fito moja. Kwenye jahazi halisi huwa ni miti miwili au zaidi iliyopishanishwa na kufungwa pamoja kwa kamba zilizozungushwa kwa mafungu, ikawa nene katikati na nyembamba kwenye ncha, na urefu wake haupungui sana urefu wa chombo. Usiichonge kutoka kipande kimoja. Chonga fito mbili, zipishanishe, uzifunge kwa uzi mwembamba wenye nta, na hapo utapata ule mpindo mdogo unaotokea wenyewe foromali inapoinuliwa, ambao hakuna mkono unaoweza kuuchonga. Mahali pa kuitundikia pako mbele kidogo ya katikati, hivyo kwamba sehemu ndefu inaelekea nyuma na juu. Kitanzi kinachoikumbatia foromali pamoja na mlingoti kiwe na nafasi ya kuteleza, nacho ukipake nta.

Sasa rudi kwenye mwili wa chombo ukiwa na mambo hayo kichwani. Mguu wa mlingoti unahitaji kipande kinene cha mbao chenye tundu, kikae juu ya mkuku (mti wa chini kabisa wa chombo) na kishike mataruma (mbavu za chombo) kadhaa, na juu yake boriti imara ya kukata chombo kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, ambayo mlingoti utafungwa kwayo kwa kamba. Makapi ya chini ya jarari nayo yanahitaji boriti yake. Sehemu zote za kufungia kamba za ubavuni ziingie kwenye mataruma kwa vijiti vya mbao. Gundi peke yake kwenye ubao mwembamba wa ubavu haitoshi. Vyote hivi vinaketi chini ya sitaha. Ndiyo sababu kabla ya kuziba, mimi husimamisha mlingoti bila gundi, nikaitundika foromali tupu, nikaipandisha kwa jarari na kuiacha usiku kucha. Ikiwa asubuhi mlingoti umebaki kwenye mwinamo wake na hakuna boriti iliyoinuka, mbao za sitaha zinaweza kuwekwa.

Kuhusu vipimo, nakushauri skeli ya 1:25. Jahazi la mita 15 litakuwa na sentimita 60, ubao wa milimita 40 utakuwa na milimita 1.6, na kamba ya unene wa milimita 20 itakuwa na milimita 0.8. Mtu wa mita 1.7 atakuwa na milimita 68. Kata umbo lake kwa karatasi ngumu, ulisimamishe kwenye sitaha mara kwa mara. Akishindwa kuifikia kana (mkono wa usukani), au kapi likiwa kubwa kuliko kichwa chake, utajua pa kurekebisha. Kosa linaloonekana zaidi kwenye majahazi ya mapambo ni kamba nene, nzito kama za kufungia meli bandarini.

Usitegemee picha tupu kwa umbo. Nenda ufukweni Kunduchi siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3, na vyombo hulala juu ya mchanga vikionyesha hata sehemu ambazo kwa kawaida zimezama. Omba ruhusa kwa mwenye chombo au nahodha, eleza unachofanya, uende na futi ya chuma na daftari. Wazee wa pale, ukiwaamkia na kuwauliza kwa adabu, watakuonyesha njia ya kila kamba kwa kuigusa kwa mkono, na hakuna mchoro unaoshinda hilo. Ukipata nafasi ya kuvuka Unguja, fika Nungwi, ambako utaviona vyombo vikiundwa ufukweni, mataruma yakiwa bado wazi.

Kwa mbao, zunguka kwenye karakana za samani za Keko na uombe vipande vinavyobaki. Mninga unafaa sana kwa mkuku na mataruma kwa sababu haucheziwi sana na unyevu. Kwa mbao za ubavu napendelea mtiki wenye nyuzi zilizonyooka, ila una mafuta, kwa hiyo sehemu ya kugandishia ifute kwanza kwa spiriti. Vaa barakoa unapopiga msasa, maana vumbi lake huwasha pua na macho. Gundi nyeupe ya kawaida ya mbao inatosha kwa chombo chote. Ile gundi ya haraka inayouzwa kwenye vichupa vidogo siipendi hata kidogo kwa kazi hii, kwa kuwa katika hewa yetu yenye unyevu huacha ukungu mweupe juu ya mbao ambao huwa dhahiri baada ya kupaka mafuta.

Upangaji wa mbao za ubavu umeelezwa vya kutosha na wengine, nami nitasema machache. Pima kwa ukanda wa karatasi urefu wa ubavu katikati, kwenye omo na kwenye tezi (nyuma ya chombo), kisha ugawanye kila kipimo kwa idadi ileile ya mbao, ndipo utajua kila ubao upunguzwe wapi. Weka ubao mmoja upande wa kulia na mwenzake upande wa kushoto kwa zamu, la sivyo mkuku utapinda, na mkuku uliopinda haurekebishiki. Mbao za omo ziloweke kwenye maji ya moto, uzibane mahali pake bila gundi, na uziache zikauke kabisa kabla ya kuzigandisha. Wakati wa masika subira hiyo huwa ndefu. Jambo muhimu zaidi kwa mji wetu ni kwamba mbao zikae kwa wiki kadhaa katika chumba kilekile ambamo jahazi litawekwa. Mbao zilizobanwa wakati wa masika, kisha zikawekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, zitasinyaa na kuacha mianya.

Tanga lishone kwa bafta, kitambaa chembamba cha pamba. Marikani, kitambaa kingine cha pamba, ni nzito mno kwa skeli hii. Kata vipande virefu vyembamba na uviunganishe kwa mshono mdogo, au ukunje mikunjo ya mstari na kuishona, ukifuata mwelekeo wa mishono uliouona kwenye tanga halisi. Kitambaa kichovye kwenye chai ya rangi iliyopoa ili weupe wa dukani upotee. Kumbuka kwamba tanga la jahazi lina ukingo mfupi upande wa mbele, si pembetatu kamili kama wengi wanavyolichora, na kwamba kuzunguka kingo zake zote imeshonewa kamba. Usilitie vile vikamba vifupi vya kupunguzia tanga unavyoviona kwenye meli za Ulaya, kwa sababu upepo ukizidi, jahazi huteremsha tanga kubwa na kupandisha dogo. Goshi, ile pembe ya mbele, ifungwe chini kuelekea omo, na demani, kamba ya kulizuia tanga, iivute pembe ya nyuma kuelekea tezi. Ili tanga lionekane limejaa, lilaze likiwa na unyevu juu ya mto uliofunikwa kwa nailoni, likauke na umbo lake. Wanga mwingi hulifanya lionekane kama bati.

Kamba nasokota mwenyewe. Uzi wa pamba au wa kitani kutoka Kariakoo, nyuzi tatu zikisokotwa kila moja upande mmoja na kisha zote pamoja kwa upande wa pili, hutoa kamba ambayo haifumuki ukiikata. Keekee ya mkono inatosha kuwa mashine. Uzi wa nailoni huteleza kwenye fundo na kung'aa kwa namna ambayo kamba ya kweli haing'ai. Ukishasokota, ipitishe kamba kwenye nta ya nyuki, kisha uivute kati ya vidole vilivyopashwa joto ili manyoya yalale.

Mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba na chenye tanga la mkeka, usiuanze. Najua unavutia, na mimi pia unanivutia kuliko vyombo vyote vya pwani hii, lakini kushona mbao kwa skeli ni kazi nyingine kabisa.

Pamba na kitani hufupika zikipata unyevu, hata zikiwa na nta. Masika yanapokaribia, legeza jarari kidogo na kamba za joshini nazo. Mvua zikiisha zikaze tena. Kwa kuwa hukugandisha kamba yoyote kwa gundi, ni kazi ya dakika chache. Liweke jahazi mbali na kiyoyozi na mbali na dirisha, ndani ya sanduku la kioo lenye tundu dogo la hewa, na miguu ya meza uikague kila mara kwa mchwa. Ukishasimamisha mataruma, kabla ya ubao wa kwanza, tuma picha mbili, moja kutoka omo na nyingine kutoka ubavuni, nikuangalizie mstari.