Kipeuo chenye x² ndani: anza na aljebra

Mdogo wangu wa Wete, hiyo intigrali ∫√(5 − 4x − x²) dx uliyokwama nayo usiivamie na saini (sin) ya trigonometria moja kwa moja. Kamilisha mraba kwanza: 5 − 4x − x² = 9 − (x + 2)². Umbo limeshajitokeza. Weka x + 2 = 3 sin θ, basi dx = 3 cos θ dθ, na kipeuo chote kinakuwa 3 cos θ. Unabaki na ∫9 cos²θ dθ, yaani (9/2)(θ + sin θ cos θ) + C.

Wanafunzi wangu hapa Chake Chake maksi huwapotea hapo: wanaliacha jibu kwenye θ. Swali limekuja na x, lirudishe kwenye x! Chora pembetatu mraba: upande mrefu 3, unaoikabili θ ni x + 2, uliobaki ni kipeuo chako kilekile. Unapata:

(9/2) sin⁻¹((x + 2)/3) + ½(x + 2)√(5 − 4x − x²) + C

Ila ukikuta x imekaa nje, mfano x√(9 − x²), trigonometria ya nini? Weka u = 9 − x², mistari miwili umemaliza: −⅓(9 − x²)^(3/2) + C.