Uskoti kwa wiki moja: angalia kalenda kwanza, ndipo uchague mji

Mkuu, umeuliza kama wiki moja inatosha kuujua utamaduni wa Waskoti, au ufuate tu ratiba ya wakala wako: kasri la Edinburgh na ziwa la Loch Ness, basi. Nimeishi Glasgow miaka kadhaa, kwanza masomoni kisha kazini. Wiki inatosha kabisa, lakini chagua tarehe kabla ya kuchagua mji. Makasri yapo mwaka mzima, ila mila za watu hawa utaziona pale wanapokusanyika, na mikusanyiko ina siku zake.

Kitu cha kwanza ambacho ningekushauri usikikose ni ngoma za ceilidh (tamka "keli"). Mji mkubwa wowote hukosi moja wikiendi. Bendi inakuwa na fidla na kodiani, na kuna mtu wa kuita hatua kwenye maikrofoni, hivyo kutojua kucheza si kizuizi. Kwenye ngoma moja iitwayo Strip the Willow mnajipanga mistari miwili, mnafungana viwiko, unazungushwa kwa nguvu halafu unarushwa kwa mtu wa pili, wa tatu, mpaka mwisho wa mstari. Mabibi wa miaka sabini wanakuzungusha mpaka unaona nyota! Vaa viatu vya chini na shati jepesi, maana utalowa jasho hata kama nje kuna barafu. Ukipenda kukodi kilti, ile sketi yao ya kiume, kodi bila wasiwasi. Kwa jinsi nilivyowaona, wanafurahi mgeni akiivaa. Vazi hilo wanalithamini kwa sababu lina historia nzito: baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, ambako waasi wa Kiskoti walishindwa, serikali ya London iliwapiga marufuku wanaume wa nyanda za juu (Highlands) kulivaa, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka 1782.

Kama ni Desemba, panga uwepo tarehe 31, usiku wanaouita Hogmanay. Baada ya mageuzi ya dini ya karne ya 16, kanisa lao liliipinga Krismasi, na haikuwa sikukuu ya mapumziko mpaka 1958. Furaha yote ikahamia mwaka mpya, na hata leo tarehe 2 Januari ni mapumziko. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku ndiye anayeleta bahati ya mwaka, na anayetakiwa hasa ni mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi. Jirani yangu, bibi mmoja mjane, aliniomba niwe mimi. Kipande cha makaa ya mawe, zawadi ya kimila ya usiku huo, alinipa mwenyewe mchana ili nije kumkabidhi usiku, pamoja na biskuti zao za siagi. Pombe situmii, kwa hiyo whisky sikubeba, na hakujali. Alinishika mikono miwili mlangoni akaniambia mwaka umeanza vizuri. Hakuna siku nyingine niliyojiona mwenyeji kule kama ile.

Januari kuna usiku wa Burns, tarehe 25, siku aliyozaliwa mshairi Robert Burns mwaka 1759. Haggis huingizwa mezani kwa zumari, husomewa shairi zima, kisha hupasuliwa kwa kisu. Ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, oti (oats), vitunguu na pilipili manga. Anayekula mtura hatashtuka. Kuna ya mboga tupu pia, na Glasgow nilipata ya halali.

Ukienda kiangazi, tafuta michezo ya nyanda za juu kwenye kijiji kidogo. Ile ya Braemar, Jumamosi ya kwanza ya Septemba, ni maarufu na tiketi huisha mapema. Kwenye kurusha gogo, umbali hauhesabiwi: linatakiwa lipinduke hewani na kulala limenyooka mbele ya mrushaji.

Kwa mandhari, panda treni ya Glasgow kwenda Mallaig, ukae upande wa kushoto. Inakatiza nyika ya kinamasi ya Rannoch, ambako reli ililazwa juu ya matandiko ya matawi na mizizi kwa kuwa ardhi ni tope, kisha daraja la Glenfinnan lenye matao 21. Treni ya kawaida inapita daraja lilelile linalopitwa na treni ya mvuke ya watalii, kwa nauli ndogo zaidi. Mallaig kuna feri ya kisiwa cha Skye.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki naongeza Blantyre, karibu na Glasgow. Ndiko alikozaliwa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi aliyesafiri Afrika, mwaka 1813, kwenye chumba kimoja cha familia ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Nenda ukiwakumbuka Susi na Chuma, wafuasi wake Waafrika, waliosafiri na wenzao wakiubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kwangu habari yao ndiyo kubwa zaidi.

Mambo madogo: Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, Juni karibu saa nne usiku. Kiangazi kule kaskazini-magharibi kuna visubi wakali, beba dawa ya kupaka. Na noti za benki za Kiskoti zitumie hukohuko, kwa sababu maduka ya fedha nyumbani yanaweza kuzikataa.