Mbwa uliyeachiwa hatulii? Mpe kazi

Dada wa Uyole, Mbeya, unasema mbwa uliyeachiwa na jirani aliyehama anarukia watoto, anatafuna kandambili na usiku analia getini. Pole, ila sioni ukorofi hapo. Ana nguvu zisizo na kazi, na bado hajajua kwamba hapo ni kwao.

Kumfunga mnyororo kutwa nzima acha. Ndiyo maana jioni akifunguliwa anakuwa kama kichaa. Mtembeze kwa kamba asubuhi na jioni, na umwache anuse majani atakavyo, kunusa nako kunamchosha. Ugali wake usiuweke wote kwenye bakuli. Bakiza kidogo na dagaa wachache, watawanye nyasini awatafute.

Akikurukia, usimsukume wala kumpigia kelele, kwake huo ni mchezo. Mpe mgongo, nyamaza. Miguu yote minne ikigusa chini tu, hapo hapo mpe dagaa mmoja na umsifu. Watoto nao wasimkimbie wakipiga mayowe (hao ndio wagumu kufundisha, si mbwa), na mtoto mdogo usimwache na mbwa peke yao kwa sasa.

Usiku, baridi yenu ya Juni na Julai si ya mchezo. Banda liinuke kutoka chini, liwe na gunia kavu, na likae karibu na dirisha awasikie.

Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa huna? Basi hesabu kwamba hajachanjwa, umwone afisa mifugo wa kata wiki hii.