Muulize Mama Mchungaji: Mkutano wa injili umeisha, majirani wamenuna

SWALI: Shikamoo Mama Mchungaji. Mimi ni katibu wa vijana kwenye kanisa moja dogo huku Mbagala. Mwezi uliopita tulifanya mkutano wa injili wiki nzima, tukakodi spika kubwa na jukwaa, mhubiri tukamtoa Morogoro, kibali cha serikali ya mtaa tulikuwa nacho, lakini waliokuja ni walewale wetu wa jumapili na watoto wanaofuata kinanda. Majirani wengi ni Waislamu, katikati ya wiki wakaenda kwa mwenyekiti kulalamika wagonjwa hawalali. Sasa tumebakiwa na laki sita, wazee wanataka mkutano mwingine Disemba, sisi vijana tunataka tuchapishe vipeperushi. Ipi bora?
Katibu, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Mi naona zote mbili muziache kwanza, laki sita sio hela ya kuchezea na kipeperushi cha Mbagala unajua kinaishia kufungia karanga. Na hiyo ya kelele msiifanye vita ya dini, NEMC wenyewe, wale wa baraza la mazingira, wanahangaika na baa na makanisa kwa kesi hiyohiyo ya sauti, jirani kakosa usingizi tu, hana ugomvi na Yesu.

Sasa niambie, mtaani wanawajua kwa lipi zaidi ya spika? Maana makanisa yetu mengi hapa Dar jumatatu mpaka jumamosi geti limefungwa, ndani viti vya plastiki vimepangwa mpaka dirishani vinakula vumbi, na nyumba ya tatu tu pale kuna msiba watu wanachangishana hela ya kukodi viti. Anzieni hapo jamani. Msiba ukitokea, wa yeyote yule, pelekeni viti, turubai na yale masufuria makubwa ya kina mama, bure. Ila mjipange kweli kweli, wenzetu Waislamu wanazika haraka, mtu akifa usiku kesho yake baada ya swala ya adhuhuri yuko makaburini, kwahiyo mkisubiri kikao cha wazee kiruhusu viti vitoke mtakuta watu washatawanyika. Ufunguo wa stoo uko kwa nani saa tano usiku? Kama ni kwa mzee anayekaa Tegeta basi hapo hamna huduma, ukae kwa mtu wa hapohapo jirani na namba yake apewe mjumbe na imamu wa msikiti wa karibu. Vijana wawili watatu wabaki kufunga turubai, kina mama wakae jikoni na wenzao wamenye vitunguu, nyama achinje Muislamu kama tulivyozoea, na hapo hakuna kuhubiri wala kugawa kadi ya ibada. Jina la kanisa si lipo nyuma ya kiti kwa rangi, linatosha sana.

Jingine ni damu. Watu wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama huwa wanatoka kwenda makanisani na misikitini, waombeni waje, na vijana wa msikitini muwaalike mapema sio siku hiyohiyo asubuhi. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, kilo zianzie 50, mwanaume anarudia baada ya miezi 3 na mwanamke 4, yaani mtakuwa mnaonana mara kwa mara mwaka mzima, mnazoeana bila kulazimishana.

Ila kabla hamjatoa hata senti piteni nyumba kwa nyumba wawili wawili, safari hii bila biblia mkononi, muulize tu hapa mtaani kinachowasumbua nini. Msiende na jibu mfukoni. Huenda ni maji, huenda watoto wa form four hawana pa kusomea jioni na nyie mna ukumbi wenye taa. PASADA, ile huduma ya wenye Ukimwi ya Jimbo Kuu Katoliki hapo Temeke, ilianza 1992 kwa kikundi kidogo cha watu wenyewe waliokuwa na virusi, kipindi hicho Ukimwi ni aibu hata kuutaja, leo inahudumia watu wa dini zote. Na Matendo 6, wajane wa Kiyunani waliposahaulika kwenye chakula mitume hawakuongeza sauti ya mahubiri, walitafuta watu 7 wa kusimamia mgao.

Disemba mkitaka mkutano fanyeni, ndani ya uzio, spika zitazame ndani, saa 12 jioni mzime.

SWALI: Mama, huku kwetu Mwanza tukigawa unga na sukari kwa wajane mchungaji anasema waanze wanaokubali kuokoka. Ni sawa?
Mama wa huduma, Mwanza

JIBU: Hapana mpenzi, sio sawa. Luka 17, wakoma 10 waliponywa akarudi mmoja tu kushukuru, wale tisa Yesu hakuwarudishia ukoma. Halafu mjane mwenye watoto wana njaa ukimwambia aokoke ataokoka hata mara tatu kwa mwezi, mnamfundisha kuigiza. Bugando hapo kwenu ni hospitali ya maaskofu Wakatoliki na kila siku inatibu Waislamu, Wasabato na wasiosali popote. Muone mchungaji faragha, usimsemee kwenye kikao cha kina mama, mpendekezee orodha ya wajane itoke kwa mwenyekiti wa mtaa, na unga usipotosha waanze wenye wagonjwa ndani na watoto wadogo.