Kabla hujampeleka kwa nyanyake Kwale, jua kwanza anakula nini

Dada uliyeuliza kama umhamishe mwanao wa miaka 15 kwa nyanyake Kwale kwa vile umemkamata na muguka, majani ya jamii ya miraa: mimi nilifanya hivyo hivyo, nusura nimzike.

Tuko Kisauni. Wangu alikuwa kidato cha pili. Ujanja wangu ulikuwa wa kizamani: akiingia usiku namwita karibu, namnusa. Pombe hakuna, bangi hakuna, basi naenda kulala. Aliyegundua ni mamake, siku ya kufua. Mfuko wa suruali ya shule ulikuwa umegandana majani mabichi, na karatasi za chingamu, maana muguka ni mchungu na ndiyo wanayotafunia. Pamoja nayo kipande cha foili kilichokatwa kwa makasi, kidonge kimoja kimebaki. Mimi hasira zote kwenye majani. Foili nikaitupa.

Muguka unakeshesha. Mtoto anatafuna jioni maskani, saa nane za usiku macho makavu, na asubuhi kuna shule. Hapo ndipo anapouziwa bugizi, vile vidonge vya usingizi, kimoja kimoja, alale. Wangu alikuwa hakosi usiku hata mmoja, miezi kadhaa, nami sina habari.

Nilimpiga (sijivunii), nikampeleka kwa ami yake Kwale. Siku ya tatu akaanguka uani, anatetemeka mwili mzima, ulimi ameuma. Wazee wakasema jini. Kombe likaandikwa, yaani aya zilizoandikwa na kuoshwa kwa maji, akanyweshwa. Akaanguka tena ndipo tukakimbia hospitali. Daktari akauliza swali moja tu: alikuwa akila vidonge gani? Nikaikumbuka foili.

Akatueleza kwamba mwili ukishazoea dawa za aina ile, ukizikata ghafla huleta degedege, na mtu hufa. Hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akisimamia. Muguka wenyewe ukiachwa humletea usingizi mwingi, njaa na hasira za bure siku kadhaa, lakini si mambo yale.

Kwa hivyo usimhamishe bado. Kagua mifuko, godoro, mkoba wa shule. Ukipata kidonge au karatasi yake usitupe, nenda nayo hospitali pamoja naye. Kama wamwonea haya daktari wa mtaani kwenu, piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure.

Na msiingoje serikali. Mei 2024 kaunti yetu ya Mombasa ilipiga muguka marufuku, siku chache baadaye mahakama ya Embu ikaisimamisha amri. Mwenye kibanda cha kona yetu hata meza hakuitoa.

Wangu sasa ana 17. Ameteleza mara mbili, na mara zote mbili alikuja mwenyewe kuniambia, kwa kuwa sikumpiga tena. Kwa ami yake Kwale huenda, lakini kwa Idi.

Hicho ulichomkamata nacho kilikuwa majani peke yake? Kaangalie, kisha unijibu.